Nilivyokuwa Mtani wa Wodi ya Dripu

Pili na Leokadia, Jumatatu mnaanza kazi yangu, na mimi naiacha Ijumaa hii. Nyumbani nilisema "nastaafu", baba akacheka mpaka akaweka jembe chini. Anasema mtu hastaafu akiwa na miaka kumi na nane. Sawa, lakini sijui neno lingine la mtu anayerudisha aproni ya hospitali ikiwa imefuliwa na kukunjwa. Ningewaeleza kwa mdomo, ila nyie mnanijua: wakishakuwa watu wawili mbele yangu, maneno yananikauka. Kwa hiyo nimekaa na daftari langu la kila siku, nikachagua humo yatakayowasaidia. Mengine ni yangu mwenyewe.

Nilianza baada ya kumaliza fomu foo. Nilikuwa nyumbani Kakese, nalima mpunga na mama na kuwakwepa wageni. Mjomba wangu, mlinzi wa getini pale hospitali, akaleta habari kwamba wodi ya mwisho wanatafuta msichana wa kuwasaidia wagonjwa wa saratani wanaokuja kutundikiwa dawa. Wengi wanakuja peke yao, ndugu wamebaki shambani. Akanipeleka kwa Sista Bukuru, muuguzi wa wodi ile. Huyu aliletwa kutoka Burundi akiwa mtoto wa mgongoni, akakulia kwenye makazi ya wakimbizi ya Katumba, na akikasirika anarudi kwenye Kirundi. Aliniuliza swali moja tu.

"Unajua kunyamaza?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Umejibu vizuri," akasema, akanipa aproni.

Siku ya kwanza nilipewa mama mmoja wa Kisukuma kutoka Mwamkulu. Kazi yangu ilikuwa kukaa naye na kushika beseni. Dripu ilipofika nusu akaanza kutapika, na mimi nikatapika, ndani ya beseni lile lile. Mama wa watu akafuta mdomo, akanitazama kwa huruma. "Pole mwanangu. Kumbe na wewe wamekutundikia?" Nilitaka ardhi ipasuke. Sista Bukuru alichosema ni kwamba kesho nisinywe chai na maharage kabla ya kazi. Fuateni hilo. Uji mwepesi unatosha, mtakula mchana.

Sasa vifaa. Glovu hazitupwi. Zinafuliwa kwa sabuni, zinaanikwa nyuma ya wodi, zikikauka zinapakwa unga wake. Kabla ya kuvaa, puliza ndani kama puto. Ikivuja, weka pembeni. Siku mbili za kwanza baada ya dripu msishike mkojo wala matapishi bila glovu, maana dawa inatokea huko. Msimfiche mgonjwa. Mimi nilikuwa nazivaa kwa kujificha nyuma ya mlango, mgonjwa akidhani namwonea kinyaa. Sista akanifundisha kusema wazi: "Dawa hii ina kazi ndani yako. Kwangu haina kazi." Wanaelewa. Na ile dawa nyekundu inatoa mkojo mwekundu, kwa hiyo mwambieni mtu kabla hajaenda chooni, si baada ya kumsikia analia huko.

Stendi za dripu mtazikuta za mbao za mninga. Fundi wa hapa mjini alizitengeneza kama anatengeneza mlango wa kanisa. Hazianguki, lakini pia hazitembei. Mgonjwa akitaka kwenda chooni mmoja anashika mgonjwa, mwingine anabeba stendi, na bora uwe mgonjwa.

Vidonda vya mdomoni ni maji ya uvuguvugu yenye chumvi, asubuhi, kila baada ya kula, na kabla ya kulala. Vikizidi, Sista atapaka dawa ya zambarau. Mtu mzima akicheka na ulimi wa zambarau usicheke kwanza, msubiri yeye.

Jiko la ndugu wa wagonjwa liko nyuma ya wodi na upepo wa alasiri unatoka huko huko. Siku ya dripu waombeni wasikaange dagaa. Mimi nilishindwa kuwaomba, nikawa nafunga madirisha, tukawa tunaiva wote humo ndani. Mwisho nikaanza kwenda kusimama kimya karibu na kikaango mpaka mwenyewe aulize, "Mbona unasimama hivyo, binti?" Inafanya kazi, ila Pili wewe una mdomo, utaokoa muda.

Na hili mlishike kuliko yote: mgonjwa akisema panachoma pale sindano ilipoingia, msimwambie "vumilia". Najua ndilo neno la kwanza mdomoni mwetu, tumelelewa nalo. Dawa ikitoka nje ya mshipa inaunguza nyama. Funga kigurudumu cha mrija, uite Sista kwa sauti kubwa. Sauti kubwa, siyo yangu.

Sista Bukuru hana mafundisho marefu. Anapita, anasema kitu kimoja, anaondoka. Siku moja alinisikia nikimwambia mgonjwa "pole" kila nikipita. Akanivuta mpaka kwenye karo. "Nyamizi, mtu akiambiwa pole mara kumi kabla ya mchana, jioni anakuwa ameamini amekufa. Sema mara moja asubuhi, halafu mletee uji." Na kuhusu kunyoa alinikataza kushika wembe kabla ya kuuliza. Yule mama wa Mwamkulu nywele zilianza kubaki kwenye mto, nikaona nimsaidie nizimalize. Akadaka mkono wangu. "Nikirudi na kipara watajua nimefiwa. Wataanza kulia kabla sijafika uani." Kwa hiyo ulizeni, na aliyekubali kunyolewa basi habari itangulie nyumbani kabla yake.

Nimewaandikia hayo haraka haraka kwa sababu jambo ninalotaka kuwaambia hasa ni la Bwana Kazumba.

Bwana Kazumba ni Mfipa, mkulima wa Kasokola, ana ng'ombe wa kulimia na redio ambayo haazimishi mtu. Alikuja na tezi za shingo zimevimba mpaka kifungo cha juu cha shati hakifungi. Daktari alikata kipande, kikapelekwa Mwanza, jibu likarudi kwamba ni saratani ya tezi. Akapangiwa dripu sita, moja kila baada ya wiki tatu. Ya kwanza alitapika kama wengine. Ya pili alitapika mpaka akawa anatapika hewa, na mdomo ukajaa vidonda, lakini shingo ikanywea. Zamu ya tatu ilipofika mke wake, Mama Editha, alimleta kwenye keria ya baiskeli akiisukuma yeye. Bwana Kazumba akalala, akaangalia ukuta.

"Shingo imepona," akasema. "Mnatibu nini tena?"

Daktari akakaa kitandani kwake. "Umekata majani tu. Mizizi bado iko chini."

"Magugu nayajua kuliko wewe."

"Basi nisikilize. Ukiacha sasa, uvimbe utarudi. Na ukirudi, dawa hii hautaisikia tena. Hapo sitakuwa na kitu cha kukupa."

Toka hapo hakumjibu mtu. Uji ukaja, ukapoa, ukaondoka. Katekista akaja kumwombea, naye akafunga macho kabla ya sala na hakuyafungua baada ya amina. Wagonjwa wenzake, ndugu wa wagonjwa, hata wauza karanga, kila aliyepita alisema "pole sana mzee", naye akazidi kuzama kwenye blanketi. Daktari akasema dawa imeshapigiwa hesabu yake, inaweza kusubiri mpaka kesho, lakini mtu mzima hafungwi kamba. Asipotaka atapewa ruhusa arudi Kasokola.

Mimi na Sista tulimkuta Mama Editha bombani, analia huku anasuuza kikombe ambacho hakikutumika.

"Angekuwepo mtani wake," alisema. "Kule kwetu kulikuwa na Mnyamwezi mmoja, mpumbavu kweli kweli, kila msiba anaingia kaburini na kukataa kutoka mpaka apewe kuku. Yule angemwamsha huyu. Lakini kahamia Inyonga."

Sista Bukuru akaniangalia. "Hivi mtani anafanya nini hasa? Sisi Warundi hatuna utani na mtu hapa."

Nikamweleza, nikiangalia bomba. Kwamba Wanyamwezi na Wafipa ni watani toka zamani za mababu: wao wanatuita wabeba mizigo wa misafara, sisi tunawaita wachawi wa kuruka na ungo na kutuma radi. Kwamba mtani anakutukana na huruhusiwi kukasirika, anachukua kitu chako na huruhusiwi kumdai. Kwamba kwenye msiba wote wanalia, yeye anaiga marehemu alivyokuwa anatembea.

"Na baba yako wewe kabila gani?"

"Mnyamwezi."

"Na wewe?"

"Sista, mimi siwezi."

"Nimekuuliza kabila. Sijauliza uwezo."

Niliondoka na baiskeli ya mjomba mpaka Kakese. Nilitaka baba aje badala yangu. Ni mtani anayejulikana, Wafipa wakimwona njiani wanashika mifuko yao. Lakini mguu wake ulikuwa umevimba kwa kisiki na hata kusimama hawezi. Nikamwambia yule mtu ni mkubwa kama yeye, nitamtukanaje? Baba akaniambia utani hauangalii umri, unaangalia ukoo, na mimi nimezaliwa nao, sikuuomba. Halafu akanipa kanuni mbili. "Usicheke kabla yake. Na usimwombe kitu. Daktari ameomba, mke ameomba, katekista ameomba. Mtani haombi. Mtani anachukua."

Asubuhi nilichukua kamba ya kuanikia glovu nikaingia wodini bila hodi. Nikaenda moja kwa moja kitanda cha Bwana Kazumba, nikaweka ncha ya kamba kwenye kisigino chake, nikaanza kumpima kwenda kichwani.

"Mrefu huyu," nikasema. Sauti ilitoka kama ya mtu mwingine aliyesimama nyuma yangu. "Mninga ghali. Tutamkunja magoti."

Mama Editha akaziba mdomo kwa kanga. Nikainama, nikatoa redio chini ya kitanda, nikaifunga kwenye aproni.

"Hii yangu. Viatu vya kaka yangu. Ng'ombe baba atawafuata mguu ukipona. Mama Editha wewe hatukuchukui, unalia sana."

Hakugeuka. Nikaona mgongo wake tu, na blanketi linapanda na kushuka. Sikujua la kufanya tena. Uji wake ulikuwa kwenye kiti, umeshaanza kushika utando. Nikakumbuka kwamba mtani anachukua. Nikaunyanyua nikanywa, kwa kelele, kama ng'ombe mtoni.

"Mtoto wa nani huyo?" Bwana Kazumba akauliza ukuta.

"Wa Mnyamwezi."

"Nilijua. Nimesikia harufu ya michembe, viazi vyenu vile vikavu."

Nikanywa tena.

"Weka chini uji wangu."

"Marehemu hana uji."

"Nimesema weka chini, mbeba mizigo we!" Na akageuka. Macho yalikuwa yameingia ndani, lakini yalikuwa na moto.

"Nyie Wafipa si mnasafiri na ungo?" nikasema. "Sasa mbona mkeo kakusukuma na baiskeli toka Kasokola? Ungo umetoboka?"

Yule mama wa Mwamkulu alikuwa kitanda cha mwisho, amekuja kwa dripu yake. Ndiye aliyepasuka kwa kicheko wa kwanza, na wodi nzima ikafuata. Mimi sikucheka. Katikati ya kelele hizo daktari akaingia, akanikuta nimesimama juu ya mgonjwa wake na kamba mkononi.

"Nini hiki?"

"Anapima, daktari," Sista Bukuru akajibu.

"Anapima nini?"

"Jeneza."

Daktari akamwangalia Bwana Kazumba, ambaye alikuwa amekaa, amenipokonya kikombe, na anakunywa uji uliobaki huku ananikodolea macho. Akaangalia kamba. Akageuka, akatoka. Ni mtu mwenye akili.

Bwana Kazumba alipomaliza alipangusa mdomo, taratibu, kwa ajili ya vidonda. Akamnyooshea Sista mkono. "Toboa. Huyu mtoto hawezi kurithi redio yangu."

Mngedhani hadithi imeishia hapo. Mimi pia nilidhani. Dripu ilitundikwa, na mpaka saa sita tulikuwa tunarushiana maneno vizuri, mpaka watu wa wodi ya wazazi wakawa wanachungulia dirishani. Halafu dawa ikamshika. Akatapika uji, akatapika maji, akatapika hewa. Mikono ilimtetemeka mpaka stendi ya mninga ikawa inagonga kitanda. Nilimshika paji la uso, ngozi ilikuwa baridi na imelowa, na ghafla sikuona mtani. Niliona baba wa mtu. Matusi yote yakaniisha. Nikashika beseni, nikanyamaza, kama ninavyojua siku zote.

Baada ya muda akasema, macho yamefungwa, "Mtani."

"Naam."

"Mbona umenyamaza?"

Sikujibu.

"Umenyamaza kwa sababu nakufa?"

Hapo ndo nilielewa kitu ambacho sikufundishwa na mtu. Kwa watu wengine wote ukimya wangu ulikuwa adabu. Kwake yeye ulikuwa taarifa. Alikuwa ananisikiliza mimi kama mtu anavyosikiliza daktari nyuma ya pazia, na mimi nilikuwa namwambia vibaya.

"Nimenyamaza nahesabu ng'ombe," nikasema. "Mkeo kanitajia majina, mmoja hayumo. Umemficha wapi?"

Bega likaanza kutikisika.

"Mchawi wewe."

"Wachawi ni nyie. Tapika umalize, beseni lina wenzako wanalisubiri."

Akacheka na kutapika kwa wakati mmoja, jambo ambalo sikujua linawezekana, na ambalo nililifua kwenye aproni mwenyewe. Sikunyamaza tena mpaka chupa ikaisha. Niliimba majina ya ng'ombe wake, nikausema ukoo wake wote, nikazisema radi zao na ulezi wao. Jioni koo lilikuwa linaniuma, nikanywa maji ya chumvi ya wagonjwa.

Dripu ya nne alikuja anaendesha baiskeli mwenyewe, polepole, Mama Editha nyuma yake kwa miguu. Kati ya ya nne na ya tano akapata homa nyumbani, na hakusubiri ipungue kama wengi wanavyofanya. Alifika siku hiyo hiyo, anatetemeka, akaniambia amekuja kabla sijasikia nikawafuata ng'ombe. Akalazwa kwa sindano mpaka homa ikashuka. Kwa hiyo kila anayeruhusiwa mwambieni: homa baada ya dripu si ya kungoja, hata kama ni msimu wa kupanda. Ya tano na ya sita alitapika kama kawaida na kutukana kama kawaida.

Msije mkaanza kumtukana kila mtu, nyie. Aliye mtani wako anakusubiri umtukane, asiye mtani wako umemvunjia heshima akiwa hana nguvu za kukufukuza. Ila mgonjwa akija, mkishaandika jina na kijiji, muulizeni pia nani mtani wake, na kama yuko karibu aitwe. Leokadia, wewe Mfipa. Wanyamwezi wote watakaolala pale ni wako, na ukiona mmoja ameangalia ukuta, uji wake uko kwenye kiti.

Jumatano hii Bwana Kazumba alikuja kuangaliwa. Nilikuwa naosha mabeseni nje, dirisha la daktari liko wazi. Daktari alimbonyeza shingo, akarudia, akaenda kwapani, akarudi shingoni. Alichukua muda mrefu. Mama Editha alikuwa amesimama mlangoni, ameshika kanga kwa mikono miwili. Na mimi beseni moja niliosha mara nyingi kuliko lilivyokuwa chafu.

"Sijapata kitu," daktari akasema. "Uje nikuone tena baada ya mavuno."

Alitoka, akanipita bila kunisalimia, kama inavyotakiwa. Nikasema moyoni, haya, imekwisha. Alipofika getini akageuka. Foleni ya nje ilikuwa imejaa, watu mpaka kwenye ngazi.

"We mbeba mizigo!" akapaza sauti. "Nasikia unakwenda kwetu Sumbawanga, chuo cha manesi! Lala na viatu! Nimeshawaambia radi zangu unakuja!"

Watu wote wakageuka kuniangalia. Nilisimama na beseni, maji yananitiririka miguuni. Ninapoandika sasa bado uso unaniwaka.

"Waambie wanawe mikono kabla ya kuniamkia!" nikajibu, kwa sauti ambayo mjomba aliisikia mpaka kwenye kibanda cha mlinzi. "Na wewe mavuno yakiisha uje hapa na miguu yako! Usipokuja, nashuka Kasokola na kamba!"